Kiwanja cha Kaskazi, Majuto ya Masika



Siku chache zilizopita alinijia mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu aliyesomesha skuli za Unguja kwa zaidi ya miaka thalathini. Alikuwa amekwisha kupokea kiinua mgongo chake, na dalali amemwonesha kiwanja pembezoni mwa mji, chenye vyumba viwili vilivyojengwa mpaka kwenye linta. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya viwanja vya mtaa wa pili. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unazunguka kila pahala na hicho chombo chako cha kurikodia. Twende ukanitazamie, maana fedha hizi zikipotea sina nyengine."

Tukaenda. Jua la kaskazi lilikuwa kali, ardhi imekauka mpaka imepasuka, na watoto wanacheza mpira katikati ya kiwanja. Dalali akasifu: njia ya gari iko karibu, umeme upo, msikiti upo, skuli haiko mbali. Kila alichokisema kilikuwa kweli. Lakini neno moja hakulisema, na sisi hatukulijua mpaka tulipopiga hodi nyumba ya jirani. Mama mwenye nyumba alitukaribisha, akamwamkia mwalimu, kisha akaelekeza kidole kwenye ukuta wake. Palikuwa na mstari wa rangi ya udongo, juu kidogo ya goti la mtu mzima. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa zaidi ya mara moja, na mstari bado unaonekana.

"Hayo ndiyo maji ya masika, bi mkubwa," akasema. "Yakija, sisi huhamia kwa dada yangu mpaka yakauke."

Mtaa wenyewe sitautaja, maana wakaazi wake wanayo mashaka ya kuwatosha bila ya mimi kuwashushia bei ya nyumba zao. Ninalotaka kulieleza leo ni hili: katika mji wetu, mwenye kununua kiwanja au nyumba hununua vitu viwili kwa pamoja, ardhi na maji yake. Ardhi huoneshwa. Maji hafichuliwi na mtu mpaka aulize mwenyewe.

Kwanza tujiulize, maji haya yanatoka wapi na kwa nini hayaondoki? Kisiwa chetu hakina mito mikubwa ya kubeba mvua mpaka baharini. Vijito kadhaa huzama katika mawe ya matumbawe kabla ya kufika pwani. Upande huu wa magharibi, ulipo mji, ardhi ina vilima na mabonde, na baadhi ya mabonde hayo yamezungukwa pande zote mfano wa bakuli. Maji yakiingia humo hayana njia ya kutokea, isipokuwa kuzama chini taratibu au kukaushwa na jua. Zamani mabonde hayo yalikuwa mashamba ya mpunga na madimbwi. Maji yalikaa, vyura wakalia, na hakuna aliyepoteza godoro lake.

Hata majina ya mitaa yetu yanatukumbusha. Tunayo Ziwani, tunayo Mtoni, tunayo Kibonde Mzungu. Darajani palikuwa na daraja kweli, kwa sababu ghuba ya maji ya bahari iliingia ndani na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ghuba hiyo ilifukiwa kidogo kidogo mpaka katikati ya karne ya 20, na leo tunapita juu yake kwa gari bila ya kufikiri. Lakini ikinyesha mvua kubwa, viwanja vya Mnazi Mmoja hutuama maji, na mzee wa mji atakwambia kuwa bahari imekumbuka kwao. Jina la mtaa peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani lipo Bonde lililo kavu na kipo Kilima chenye tope. Ila jina ni sababu njema ya kuuliza.

Jambo la pili ni wingi wetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 593,000 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 893,169, yaani karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar, ambao walikuwa 1,889,773. Watu laki tatu wameongezeka katika miaka kumi, na wote wanataka pa kulala. Vilima vimekwisha kujaa, na sasa tunateremka mabondeni.

Nyumba nazo huongeza maji. Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 12 ina mita za mraba 120. Ikinyesha milimita 100 kwa siku moja, jambo ambalo masika yetu huliweza, paa hilo moja litamwaga lita 12,000, yaani mapipa 60 ya lita 200. Zamani maji hayo yangeangukia majani na udongo, na sehemu yake ingezama palepale. Sasa yanaangukia bati, yanateremka kwenye ua uliosakafiwa saruji, yanaingia njiani, na yote kwa pamoja yanamkimbilia yule aliyejenga chini. Nyumba mia za kilimani humpelekea mtu wa bondeni mapipa 6,000 kwa siku moja, bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya.

Na kwa mitaa inayotoa maji yake baharini kuna jambo la tatu, nalo ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mvua kubwa ikiangukia saa ya maji kujaa, mdomo wa mtaro unakuwa umezibwa na bahari, na maji ya mjini yanasubiri mpaka yapwe.

Haya si mambo ya kukisia. Masika ya mwaka 2015 na ya mwaka 2017 yaliwatoa watu wengi majumbani mwao hapa Unguja. Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, mvua za Disemba 2011 zililijaza bonde la Msimbazi, watu wakapoteza maisha, na Serikali ikawapa baadhi ya waliookoka viwanja Mabwepande. Jamaa zetu wa Maskati nao wanakumbuka Juni 2007, kimbunga Gonu kilipoyarejesha maji katika mawadi yaliyokuwa makavu kwa miaka, na ndani yake zimejengwa nyumba na barabara. Bonde kavu bado ni bonde.

Basi mwenye kutaka kununua afanye nini?

La kwanza, atazame kuta za majirani, sio za nyumba inayouzwa. Nyumba inayouzwa huwa imepakwa rangi mpya. Tazama mstari wa unyevu, tazama plasta iliyobambuka kwa chini, tazama milango ya mbao iliyooza miguuni. Tazama kama majirani wameinua vizingiti au wamejenga kijiukuta mbele ya mlango. Mtu hajengi kizingiti cha kufika magotini kwa kupenda.

La pili, atazame ardhi na majani yake. Udongo unaopasuka wakati wa jua ni wa mfinyanzi, nao hunywa maji kwa shida. Ukiona matete, majimbi yaliyoota wenyewe au mayungiyungi, jua kuwa maji hukaa hapo. Kama kuna kisima, chungulia. Ikiwa maji yako karibu na mdomo wakati wa kaskazi, masika yatakuwa wapi?

La tatu, aulize, na aulize watu wanaostahiki kuulizwa. Dalali analipwa pale unaponunua, kwa hivyo usimwulize yeye. Waulize mama wa nyumba za jirani, maana wao ndio waliochota maji chumbani kwa ndoo. Waulize watoto, kwani mtoto hana kiwanja cha kuuza. Atakwambia kwa furaha kuwa hapa tunaogelea. Mwulize mzee, "Pahala hapa zamani palilimwa nini?" Akisema mpunga, jibu umekwisha kulipata. Mwulize sheha ni nyumba ngapi zilihama masika yaliyopita.

La nne, na ndilo kubwa kuliko yote, asinunue wakati wa jua. Akiweza angoje masika, kati ya Machi na Mei, aende siku ya mvua kubwa, na aende tena siku ya pili yake aone maji yamekwenda wapi. Muuzaji mkweli hataogopa kungoja miezi miwili.

Sasa tuje kwenye karatasi. Tangu Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 inaiweka chini ya dhamana ya Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Unaponunua, unahaulishiwa haki hiyo pamoja na kilichojengwa juu yake. Uhaulishaji una sheria yake ya mwaka 1994 na bodi yake ya kuuangalia, na tangu mwaka 2015 tunayo Kamisheni ya Ardhi. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya sheha na mashahidi inaonesha kuwa mmeuziana. Haikwambii kama pahala hapo pamepangiwa makaazi, kilimo au njia ya maji. Hilo utaliuliza Kamisheni, kwa kutaka kuoneshwa ramani, na utauliza kabla ya kutoa fedha. Ukijenga juu ya njia ya maji, siku mtaro utakapopitishwa utakuwa na kazi ngumu ya kudai fidia.

Hapa pana siri ambayo wengi hawaifikirii. Viwanja vingi vya pembezoni vimekatwa kutoka zile eka tatu ambazo Serikali iliwagawia wananchi baada ya Mapinduzi. Eka hizo zilitolewa ili zilimwe. Mkulima mwenye akili aliyepewa eka yenye bonde alipanda minazi juu na mpunga chini. Mrithi wake anayekata viwanja leo huuza vya juu kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyotakiwa. Vya bondeni hubakia vya mwisho, na ndiyo maana bei yake inashuka. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na tuithibitishe kwa hesabu. Kuinua nyumba ile yetu ya mita za mraba 120 kwa sentimita 60 tu kunataka mita za ujazo 72 za kifusi. Kwa gari linalobeba mita sita, hizo ni safari 12, na bado hujakishindilia, kwani kifusi kikishindiliwa hushuka na utaongeza. Ongeza mawe ya msingi mrefu, ongeza saruji, ongeza ngazi. Mara nyingi ile nusu ya bei uliyoiokoa imekwisha kufukiwa ardhini.

Lakini najua wapo wanaonisikiliza ambao wameshanunua, wameshajenga na hawana pa kuhamia. Kuwaambia wahame ni maneno matupu. Hawa nao wana la kufanya.

Sakafu ya nyumba iwe juu ya mstari wa maji makubwa kuliko yote ambayo jirani anayakumbuka, sio ya mwaka jana tu. Msingi ujengwe kwa mawe na saruji ya kutosha, na baina ya msingi na ukuta liwekwe tabaka la kuzuia unyevu usipande. Soketi za umeme na kisanduku cha swichi kuu viwekwe juu, usawa wa kifua cha mtu mzima. Ua usisakafiwe wote; acha udongo na majani yanywe maji. Paa liwe na milizamu ya kupeleka maji kwenye tangi, kwani lita ulizozikinga ni lita ambazo hazitaingia chumbani, na utazifulia nguo.

Karo la choo ndilo la kuangaliwa zaidi. Maji yakiingia karoni hutoka na kilichomo, yakapita jikoni na kisimani. Kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 kilitufundisha somo hilo kwa machungu. Mdomo wa karo uinuliwe juu ya mstari wa maji na ufunikwe vizuri, na kisima kiwe mbali nalo, upande wa juu, kikiwa na ukuta na mfuniko. Wakati wa mafuriko maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yanaonekana safi.

Yakianza kupanda, zima swichi kuu kabla maji hayajaifikia, na usiiguse ukiwa umesimama ndani ya maji. Hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa na vya skuli vitiwe ndani ya mfuko wa nailoni na kutundikwa juu tangu masika hayajaingia. Watoto wasiachiwe kuogelea. Chini ya maji yale kuna makaro na mitaro isiyoonekana. Yakishakupwa, usirejeshe umeme mpaka fundi autazame. Na mwenye bima aisome karatasi yake leo: bima ya moto si lazima iwe bima ya mafuriko. Uliza, na ukijibiwa taka jibu kwa maandishi.

Lipo jambo moja la uungwana ambalo siwezi kuliacha. Mtu akijaza kifusi kiwanja kizima mpaka mpakani, maji hayapotei. Yamekwenda kwa jirani. Mwakani jirani naye atajaza, na mwaka wa tatu kila mtu amepandisha kiwanja chake na njia imegeuka mto. Inua nyumba, lakini acha upenyo wa maji baina yako na mwenzako, na mkubaliane mbele ya sheha upenyo huo usijengwe ukuta wala kutupwa taka. Serikali ilijenga mitaro mikubwa ya mvua mjini kupitia mradi wa huduma za miji, kwa mkopo ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2011, na ipo mitaa iliyopata nafuu. Mtaro huo ukijazwa vifuu, magodoro na mifuko, utabaki ni shimo refu la taka. Na dalali akikwambia "siku hizi kuna mtaro, maji hayaji tena," uliza ni masika mangapi yamepita tangu ujengwe, na jirani aliyaonaje.

Msomaji wa Mji Mkongwe asidhani kuwa hayamhusu. Huku kwetu Ng'ambo maji hutoka chini, kwake hutoka juu. Nyumba za mji zimejengwa kwa mawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezikwa ndani ya ukuta. Bati likivuja au mlizamu ukiziba, maji huingia ukutani kimyakimya, boriti ikaoza pale pasipoonekana, na siku moja dari inashuka. Wengine huficha unyevu kwa kupiga plasta ya saruji, na hapo wanauzidishia ukuta maradhi, kwani chokaa hupumua na saruji huufungia unyevu ndani. Anayenunua nyumba ya mji apande darini kabla ya kushuka sebuleni, agonge vichwa vya boriti, na aulize kama nyumba ni ya mtu mmoja, ya urithi au ya wakfu, kwa sababu nyumba ya wenyewe wengi mara nyingi haina wa kulitengeneza paa. Na kabla ya kutengeneza chochote, aende kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe apate idhini.

Nimalizie na mwalimu wetu. Tulipotoka kwa yule mama mwenye mstari ukutani, mwalimu alimwita dalali pembeni. Akamwambia kuwa kiwanja amekipenda, na atarudi mwezi wa Aprili na mwavuli wake, akikikuta kikavu atatoa fedha siku hiyohiyo. Dalali akacheka, akasema kuwa hakiwezi kungoja, yupo mnunuzi mwengine anayekitaka wiki hii.

"Basi mpe yeye, mwanangu," mwalimu akasema, na tukaondoka. Hivi sasa anatafuta kiwanja kidogo kilimani, cha vyumba viwili badala ya vinne, na bado hajakipata.

Lakini tangu siku ile namfikiria huyo mnunuzi mwengine. Simjui jina wala sura. Pengine naye ana fedha za kiinua mgongo, au za miaka kumi ya biashara ndogo ndogo, na pengine hakupiga hodi kwa jirani. Kama ananisikiliza, au kama amelinunua gazeti hili, mazungumzo ya leo yalikuwa yake.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.